Namna ya kuandika riwaya ya kuchekesha kuhusu mtu wa ofisi anayechanganyikiwa ukubwani, toleo la Lamu

Kabla hujafungua kompyuta amua kitu kimoja, huyu mtu wako anachanganyikiwa mbele ya nani. Sio kwa nini, kwa nini tutafika, mbele ya nani kwanza. Riwaya za aina hii za Uingereza na Marekani mara nyingi jamaa anajifungia kwenye gari lake ama kwenye fleti anakunywa peke yake usiku, na ukijaribu kuileta hio Lamu itakufia mikononi, sababu mitaa ya mji wa kale gari haipiti, punda wawili wakipishana mtu inabidi ajibanze kwenye daka la watu, kile kibaraza cha mlangoni, na kujifungia nako hakuwezekani manake adhuhuri haijaadhiniwa jirani kashatuma mtoto aje aulize mko salama. Mtu wa Lamu anachanganyikiwa hadharani, kwa ushirikiano wa mtaa mzima, na kila anayempita ana maoni. Hapo ndipo kicheko kilipo. Kila nitakachokwambia huku chini kinatoka hapo, kwa hio kama hukubaliani na hili basi usijisumbue kusoma, kaandike ya mapenzi.

Mtu wako awe nani

Mpe miaka 48. Wa 40 bado anadhani atahama, wa 55 kashazoea. Wa 48 ndio mwenye shida nzuri, sababu kwenye utumishi wa umma Kenya mtu anastaafu na miaka 60, na zamani ilikuwa 55 mpaka serikali ikaongeza mwaka 2009, yani jamaa alianza kazi akiwa anahesabu kufika 55, katikati ya safari wakamsogezea bandari. Sasa ana miaka 12 mbele. Kuacha kazi hawezi, kustaafu bado, na ana umri ule ambao vijana wa ofisini wanamuita mzee na wazee wa baraza wanamuita kijana, wote wakimtuma.

Halafu mpe historia ya kikazi. Kaunti zilipoanza 2013 wafanyakazi wengi wa wizara walihamishiwa kaunti, bas na wako awe miongoni mwa waliorithiwa, yeye na kabati mbili za chuma na feni yenye kasi moja. Cheo chake kianze na neno kaimu. Kaimu wa muda mrefu, mpaka watoto wake wanadhani Kaimu ni jina la kwanza. Idara usiipe jina la kweli, tunga, mimi ningeiita Idara ya Vipimo na Mambo Mengineyo manake msomaji ataanza kujiuliza mambo mengineyo ni yepi na wewe huna haja ya kumjibu mpaka mwisho.

Peslipu yake iwe kwenye riwaya, tena mapema. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara, lazima mtu abaki na theluthi. Sheria imewekwa kumlinda, na mtu wako ameigeuza kuwa makazi, anaishi ndani ya hio theluthi miaka yote, ana loni ya sacco ya kujenga, loni ya kumalizia kujenga, na loni ya kulipa zile mbili, na nyumba yenyewe bado ghorofa ya juu ni vyuma vimesimama vinatazama mbingu. Mkewe anauza barafu za maembe, achari na mabuyu pale pale nyumbani na kwa mwezi anamzidi mumewe. Anajua hivyo. Mume pia anajua. Hakuna anayelisema mpaka sura ya kumi na kitu, na litakaposemwa liwe limesemwa na mtoto mbele ya wageni.

Hapa nitie neno kuhusu huyu mke, manake waandishi wengi wanaharibu hapa. Usimfanye wa kulalama. Riwaya ya mwanamume anayevurugikiwa ikishakuwa na mke wa kelele msomaji anaelewa kwa nini mume kachanganyikiwa na kitabu kimeisha ukurasa wa 30. Mke awe na akili kuliko wote, awe na shughuli, awe na mchezo wa pesa na wanawake wenziwe kila Ijumaa, na wiki tatu za mwanzo asione kitu sababu anafikiri mumewe yuko likizo.

Boti

Ofisi iwe Mokowe, bara, ndiko kuliko makao makuu ya kaunti, na nyumba yake iwe Langoni mjini. Maana yake kila asubuhi anavuka na boti na kila jioni anarudi, na hio boti ndio jukwaa lako. Watu ni wale wale, mwalimu, nesi, mama mwenye kuku wamefungwa miguu, kijana wa bara mwenye begi la laptop anayeshika ubao kwa mikono yote miwili kila wimbi dogo likija, na nahodha ambae haongei lakini anasikia kila kitu. Maji yakipwa watu wanashuka kwa zile ngazi zenye mwani wamevaa viatu vya ofisi, na mtu wako miaka yote hajawahi kuteleza, ni jambo analojivunia kimoyomoyo.

Mweke kiti chake. Upande wa kulia, wa tatu kutoka kwa injini, boya la kuokolea kalivaa na kalifunga kamba zote wakati wengine wamelilalia tu. Ukishamweka hapo sura mbili tatu, siku moja muhamishe. Akae mbele kabisa, boya halikufungwa, anatazama bahari. Hasemi kitu. Boti nzima imenyamaza, na ikifika Mokowe habari imeshatangulia kwa simu. Sijui kama unanipata, hujaandika mzaha hata mmoja hapo, umehamisha mtu kiti, na msomaji anacheka sababu anajua mji unavyofanya kazi.

Misimu nayo uitumie. Wakati wa kusi bahari ina hasira na abiria wanalowa, wakati wa kaskazi kumetulia na joto linaua, kwa hio ugomvi wa boti uandike kusi na ugomvi wa ofisini uandike kaskazi, feni ile ile ya kasi moja.

Kisa chenyewe

Kuchanganyikiwa lazima kuwe na mlango. Wengi wanaweka kifo cha mzazi ama mume kagundua mke ana mtu, na hivyo ni vitu vya kweli lakini ni vizito, ukianza na kizito utapata tabu kuchekesha baadae. Anza na upuuzi wa kiofisi. Pendekezo langu na mtu akitaka achukue, kaunti inafanya ukaguzi wa wafanyakazi, wanatafuta wafanyakazi hewa, yale majina ya mishahara yasiyokuwa na watu, na jina la jamaa linatoka kwenye orodha. Ni hewa. Miaka 24 kazini, anakuja kabla ya mlinzi, na karatasi inasema hayupo.

Ili athibitishe yuko anatakiwa alete barua kutoka kwa afisa anayehusika wa idara. Na afisa anayehusika, kwa kukaimu, ni yeye mwenyewe. Na mtu ambae jina lake lina utata haruhusiwi kutia sahihi mpaka utata uishe. Sasa huyu ni mtu ambae mji mzima unamuita Njoo Kesho, jina amepewa na wananchi kwa haki kabisa sababu ndio neno alilowaambia tangu ajiriwe, na asubuhi moja amekaa mezani kwake, ameandika maombi, amezunguka meza akayapokea, akaupiga muhuri wa IMEPOKELEWA, akajiangalia, na akajiambia njoo kesho. Na kesho yake akaja.

Hio ndio injini. Huhitaji pombe, huhitaji kimada, na tafadhali usimuingize kwenye mirungi sababu msomaji atapata jibu la rahisi aseme ahaa ni mirungi. Mtu wako awe mzima wa afya, mswalihina, hana baya, na akili zimruke kwa kufuata utaratibu.

Majina ya kitaalamu utayakuta ukisoma soma kidogo, na ni vizuri ujue hata kama hutayaandika. Elliott Jaques, mtaalamu wa saikolojia mzaliwa wa Canada, ndie alietoa makala mwaka 1965 iliyolipa jina jambo hili la umri wa makamo, na yeye alikuwa anaangalia wasanii, wanafika katikati wanagundua kifo si habari ya watu wengine tu. Shirika la Afya Duniani nalo 2019 likauweka uchovu wa kazi uliopitiliza kwenye orodha yake ila likasisitiza ni hali ya kikazi, sio ugonjwa. Hilo la pili ni zawadi kutoka mbinguni kwa mwandishi wa vichekesho. Afisa wa rasilimali watu anamsomea jamaa kwa upole kabisa, kaka yangu hali yako inatambulika kimataifa, lakini sio ugonjwa, kwa hio likizo ya ugonjwa hupati, ungeumwa kidogo tungekusaidia.

Kila mtu na dawa yake

Hii sehemu usiikimbie, kaa nayo sura nne tano. Jamaa anaanza kuzungumza nyumbani kama ofisini. Mtoto anaomba hela ya daftari anaambiwa ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa. Anaanza kupaka piko ndevu, upande mmoja umekolea kuliko mwingine. Anaanza kutembea mpaka Shela, kijiji cha jirani, kwa miguu jioni bila sababu, na Lamu hakuna kutembea bila sababu, kila anayekutana nae anauliza wenda wapi ami, na yeye hana jibu, na kukosa jibu ndio dalili.

Sasa wataalamu wanakuja. Mamake anasema kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu, mwanangu huna maradhi, una mato ya watu, yani jicho la hasidi, na akisikia kwamba ofisini wamemuita hewa ndio kabisa, si nimesema ni upepo huu, hata serikali imeuona. Anapelekwa kwa mwalimu akasomewe. Anapewa kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya waridi, anakunywa kwa adabu, na mwalimu akimaliza dua jamaa anauliza kama anaweza kupata risiti. Angalia hapo, mwalimu usimcheke, dua usiicheke, watu wa Lamu watakifunga kitabu chako na watakuwa na haki. Anayechekesha ni yule anayetaka risiti.

Daktari anampima presha, anasema iko juu, apunguze chumvi na mawazo. Chumvi anapunguza. Bosi anasema anahitaji changamoto mpya, anampa kazi ya mwenzake. Baraza la Mkunguni, pale mbele ya ngome, wazee na vikombe vyao vya kahawa chungu, wameshaamua kuwa kaoa mke wa pili Mombasa kwa siri, na habari inafika kwa mkewe, na mkewe baada ya kufikiria kwa makini anauliza swali moja tu, kwa theluthi gani?

Na mtoto wake wa kidato cha tatu ndie mwenye jawabu sahihi, alisoma kwenye simu, lakini hakuna aliemuuliza.

Lugha ya barua

Silaha yako kubwa kuliko zote ni Kiswahili cha ofisi. Mtu akichanganyikiwa anaweza kupiga kelele, kulia, kukimbia, lakini huyu wako azidi kuwa rasmi. Kadiri akili inavyomtoka ndivyo barua zinavyonyooka. Hebu nikuonyeshe. Asubuhi moja anakwenda gatini, punda kasimama katikati ya Usita wa Mui amebeba saruji, kagoma, watu wamejaa nyuma, na jamaa anaikosa boti kwa mara ya kwanza maishani. Akifika ofisini anaandika hivi.

KUMB: VMM/PUNDA/01
KUH: BARUA YA KUJIELEZA
Imeripotiwa kwamba siku ya Jumanne saa moja na dakika arobaini asubuhi ulisimama katika njia kuu ya mji ukiwa na mifuko miwili ya saruji, ukakataa kuendelea na kazi uliyopangiwa, bila kutoa sababu kwa maandishi. Ulipoombwa kusogea ulimtazama afisa. Unatakiwa ueleze, ndani ya siku saba, kwa nini hatua za kinidhamu zisichukuliwe dhidi yako. Ukishindwa kujibu itachukuliwa kwamba huna la kusema.
Nakala: Mwenye punda. Faili.

Ona nilichofanya na nisichofanya. Kwenye barua hakuna mzaha, kila sentensi utaikuta kwenye faili la kweli la mtu wa kweli. Ulimtazama afisa ndio sentensi iliyobeba barua yote, sababu hapo unahisi kuwa yule punda amefanya jambo ambalo jamaa hajathubutu kulifanya miaka 24, amesimama akakataa, na jamaa kamuonea wivu mpaka kamuandikia barua. Lakini usiliseme. Ukitia mstari wa chini kwamba ghafla akagundua yeye na punda ni wamoja, umeua. Jamaa asigundue. Apeleke barua kwa mkono, aisome kwa sauti mbele ya punda, na amuombe mwenye punda atie sahihi ya kupokea.

Na mifuko ni miwili, sio minne. Mfuko mmoja kilo 50, ukiandika minne watu wa Lamu watakucheka wewe na sio riwaya, na kuna hospitali ya punda pale mjini tangu miaka ya 80, watu wanajua punda anabeba nini. Ukiharibu kitu kidogo kama hicho msomaji hatakuamini kwenye kubwa.

Mazungumzo yagawe. Nyumbani na barazani kinyunyize Kiamu, sio kila neno, kidogo tu, ndia (njia), mai (maji), moya (moja), ndoo (njoo), mtu wa nje asome bila kukwama. Ofisini sanifu iliyopigwa pasi. Kijana wa bara mpe Kiswahili chake cha Nairobi na usimsahihishe. Mtu wako ahame hame kati ya hizo, na siku akili zikimruka kabisa azungumze sanifu na mamake.

Msimulizi je? Mimi ningechukua sisi. Sisi wa baraza, wazee tuliokaa Mkunguni, twaona kila kitu na tusichokiona twakijua. Sisi tulimuona alipopita na mwavuli na mvua hakuna. Raha yake ni kwamba msimulizi mwenyewe ni mmbea na anajiona ana busara, na anakosea kila sura kwa kujiamini. Tabu yake ni ndani ya nyumba, baraza haiingii, kwa hio itabidi kila sura ya ndani ieleze habari imetokaje, mara mtoto kaja kununua kashata, mara mtu alikuwa anapita na dirisha lilikuwa wazi, na hata hizo sababu zitakuwa zinachekesha zikizidi kuwa dhaifu.

Panga kwa mwaka wa fedha

Usihangaike na nadharia za mtiririko. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni na una mpangilio mzuri kuliko utakaotunga. Julai pesa hazijatoka, tona hakuna, ofisi haina la kufanya, hapo watambulishe watu. Kuanzia Septemba hivi ukaguzi. Mfungo sita kwa kalenda ya Kiislamu kuna Maulidi, mji unajaa wageni, kuna mashindano ya punda ufukweni, na mtu wako wa miaka 48 mwenye piko upande mmoja ajiandikishe kushindana, punda ni yule yule wa barua. Sitakwambia nani anashinda. Kumbuka tu tarehe ya Maulidi inahama kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hio amua riwaya yako ni ya mwaka gani uhesabu vizuri.

Juni ndio kilele. Pesa zimetoka kwa mpigo, zisipotumika kabla ya tarehe 30 zinarudi, na mtu akipelekwa warsha wote wanapelekwa warsha. Warsha iwe Malindi, siku tatu hotelini, kichwa chake kudhibiti msongo wa mawazo kazini. Basi linatoka Mokowe, Witu, Garsen, linashuka mpaka Malindi, na njiani kuna vizuizi mnashuka mnaonyesha vitambulisho. Jamaa anatoa kitambulisho cha taifa na kadi ya kazi pamoja, askari anachukua kitambulisho anamrudishia kadi, hii siihitaji mzee, na jamaa anaishika ile kadi mkononi mpaka Gongoni, karibu na Malindi.

Warshani mwezeshaji anawaambia chora maisha yako kama mti. Yeye anachora chati ya vyeo. Anaulizwa wewe uko wapi hapa, anachora kisanduku, anakizungushia nukta nukta badala ya mstari, kaimu. Na siku ya mwisho anapewa ile kazi inayopewa mtu asiyekuwa na madhara, neno la shukrani. Hapo ndipo apasuke. Neno la shukrani la saa moja na nusu. Anaanza vizuri, anamshukuru mgeni rasmi, mwezeshaji, wapishi, halafu hasimami, anamshukuru dereva wa basi kwa jina la babake, anaishukuru feni, anamshukuru mwalimu wake wa hesabu wa darasa la nne, anaishukuru sacco kwa uvumilivu, anawashukuru wafanyakazi hewa wote wa jamhuri popote walipo, na watu wanapiga makofi kila baada ya jina sababu ndio desturi, na kila makofi yanampa nguvu ya kuendelea. Saa sita na nusu mama wa jikoni anachungulia mlangoni, wali unapoa. Andika yote. Usifupishe. Kurasa kumi na mbili, kumi na tano, msomaji acheke mpaka achoke kucheka kisha aanze kuogopa.

Sura moja isiyochekesha

Lazima iwepo na iwe fupi, kabla ya warsha. Jamaa kaingia stoo kutafuta faili, kakaa juu ya maboksi ya tona na analia, hajui kwa nini. Tarishi wa ofisi, mzee wa watu ambae riwaya nzima tumemcheka kwa kusinzia, anafungua mlango, anamuona, anaufunga polepole. Anasimama nje na trei ya chai ya saa nne. Kila anaekuja anaambiwa bosi yuko miting. Anasimama pale mpaka chai imeota ngozi. Baraza haikuliona hili, na tarishi hajawahi kulisema, kwa hio hapa msimulizi wako wa sisi inabidi akubali hajui alilijuaje. Ni sura moja ambayo mmbea hana chanzo. Usiifafanue.

Na usimpeleke Shela kwenye yoga ya wageni zaidi ya ukurasa mmoja. Najua inavutia, kanzu kwenye mkeka na kadhalika, lakini ni kicheko cha bei rahisi na wengi wataifikia.

Mwisho wa hadithi jina lake linarudishwa kwenye orodha, ila limeandikwa vibaya, herufi moja tu. Kwa mujibu wa karatasi sasa yuko, lakini ni mtu mwengine. Kulirekebisha kuna fomu. Akijaza ama asijaze shauri yako, mimi ningemaliza akiwa ameishika kalamu na foleni ya wananchi iko nje ya mlango, na simponyeshi, presha iko pale pale, nyumba haijaisha, ila kiti cha boti amehama moja kwa moja na watu wamezoea.

Mambo ya kazi

Andika sura fupi, maneno elfu mbili hivi kila moja, manake itasomwa kwenye simu na utataka kuzirusha moja moja kwenye WhatsApp kabla hazijawa kitabu. Kila sura isome kwa sauti kwa mtu asiyependa vitabu. Anapocheka usiguse, anapotazama simu yake kata. Barua za kiofisi kusanya za kweli, uliza ndugu zako waliostaafu, lakini toa majina na nambari zote.

Halafu jiandae, Lamu ni ndogo, kila karani atajiona na wawili watatu watakuja kukuuliza kwa nini umewaandika. Changanya watu, pua ya huyu, mwendo wa yule, madeni ya mwengine, mpaka hakuna anayeweza kusimama akasema huyu ni mimi mzima mzima. Sheria ya kashfa Kenya ipo na haijali kama ulikuwa unatania. Ofisi iwe ya kubuni, cheo cha kubuni, hata rangi ya muhuri badilisha. Ukiwa tayari kuchapisha mwenyewe, nambari ya ISBN inatolewa na huduma ya maktaba ya taifa, KNLS, kuna fomu ya kujaza, na ukiambiwa urudi siku nyingine nenda na daftari.